Harufu ya Chupa za Ottavia

Sehemu ya Kumi na Moja

Mkono uliomshika Nives Lunardon begani ulikuwa umevaa glovu ya mpira, na glovu hiyo ilinuka kuliko banda lenyewe.

Hakupiga kelele. Aligeuka polepole, skafu bado ameikandamiza puani, akakutana na macho aliyoyazoea kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa Tarcisio, mumewe.

Aliyelikosa gazeti la wiki jana asihangaike, kisa ni hiki. Nives ni fundi wa kutengeneza vyombo vya zamani mjini Nove, mji wa wafinyanzi, na Italia nzima hakuna anayezijua kazi za Ottavia Rebesco kama yeye. Ni zile chupa ndefu za miaka ya hamsini, zenye uso wa mwanamke aliyefumba jicho moja, ambazo matajiri wa Milano siku hizi wanazigombania kuweka sebuleni. Taa za mezani, sahani za ukutani, visahani vya majivu, chochote chenye saini ya Ottavia kitakoni hupita kwa Nives kwanza. Akiridhika, huandika cheti. Juzi chupa moja ilimpasukia mikononi, na ndani ya ufa ikatoka harufu iliyomfukuza mezani. Akaifuata chupa ilikotoka, mtu kwa mtu, hadi kwenye banda hili la nguruwe kando ya mto Brenta. Nguruwe walikwisha ondoka zamani. Mavi yao yalibaki.

"Ulisema unakwenda Milano," Tarcisio alisema.

"Na wewe ulisema unakwenda kung'oa jino."

Mbele yao palikuwa na shimo la saruji, refu kama kaburi la watu wawili. Ndani yake mlikuwa na tope jeusi lililofunga utando juu, kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Na kwenye utando ule zilichomoza shingo za chupa. Chupa kumi, ishirini, Nives aliacha kuzihesabu. Nyuso za wanawake wa Ottavia zilimtazama kutoka mavini. Jicho moja limefumbwa na mchoraji, la pili limezibwa na uchafu.

Tarcisio alianza kueleza kabla hajaulizwa. Alisema kalibu za plasta alizikuta darini kwenye kiwanda cha zamani, kile alichofanyia kazi ya tanuri mpaka kikafungwa. Alisema rangi alizipata, umbo alilipata, lakini vyombo vilikuwa vinaonekana vipya. Nyufa zile nyembamba kama nywele, ambazo hujitokeza juu ya mng'ao wa chombo kadiri miaka inavyopita, kwenye vyombo vyake zilitoka nyeupe. Nyeupe inamuumbua mtu.

"Nikajaribu chai," alisema. "Nikajaribu kahawa, nikajaribu masizi. Wewe ungezitambua zote. Lakini miezi mitatu humu, mke wangu, nyufa zinatoka kahawia kabisa, kama chombo kimekaa jikoni kwa mtu miaka sitini."

Alisema hayo kwa fahari ya fundi.

Nives akakumbuka. Fundi wa udongo akitaka kujua umri wa chombo, hugusa kitako kisicho na rangi kwa ncha ya ulimi, aone kinavyonyonya mate. Baba yake alimfundisha hivyo, naye alifanya hivyo kwa kila chombo kilichowahi kupita mezani kwake. Vyombo arobaini na kimoja vya Ottavia. Ulimi wake mwenyewe, mara arobaini na moja.

Akainamia ukuta akatapika. Tarcisio alimnyooshea chupa ya maji kwa mkono ule ule wa glovu. Hakuipokea.

Aliponyanyuka alikuwa na swali moja tu. "Saini. Zile saini nimezitazama moja moja kwa kioo cha kukuzia. Ni mkono wa Shangazi Ottavia, hata wewe huwezi kuuiga. Umezipata wapi?"

Tarcisio akatazama buti zake.

Nje, gari likasimama. Uso wa Tarcisio ukapauka ghafla. Alimvuta Nives nyuma ya mashine ya zamani ya kuchanganya chakula cha nguruwe, akamwomba kwa sauti ya chini, kama bado anampenda, asijitokeze. Nives hakuwa na uhakika wa kumpenda mtu yeyote saa ile, lakini alijibanza pale pale. Alitaka kuona.

Aliyeingia ni Dokta Fulvio Marcadella. Kila mtu humwita Dokta, ingawa hakuna anayejua ni dokta wa nini. Kati ya Venezia na Milano hakuna mfanyabiashara wa mapambo ya zamani anayemfikia. Alivaa koti refu la rangi ya ngamia, na manukato yake yalipokutana na mavi ya shimoni ilizaliwa harufu ya tatu, mbaya kuliko zote mbili.

Hakuwa peke yake. Alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu.

Nives aliuma skafu. Kwenye kiti kile, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, alikaa Ottavia Rebesco mwenyewe, mzee wa miaka themanini na tisa. Ndiye Nives aliyemzoea tangu utotoni akimwita shangazi, ndiye ambaye Nives ameandika kitabu juu yake, ndiye anayemtembelea kila Jumapili kwenye nyumba ya wazee ya masista kule Marostica. Masista walishamwambia kwamba Alhamisi huwa anakuja mpwa wake mmoja mwenye adabu sana kumtoa mzee kwa chakula cha mchana.

Leo ilikuwa Alhamisi.

"Haya, bibi kizuri," Marcadella alisema. "Tuko mwaka hamsini na saba. Tanuri linakungoja."

Tarcisio alileta meza ndogo, juu yake chupa sita ambazo hazijachomwa, zimelazwa vitako vikimtazama mzee. Marcadella alichovya brashi kwenye rangi nyeusi, akamfungua mzee vidole kimoja kimoja, akaviweka juu ya brashi. Mkono ule ulitetemeka mpaka ulipogusa udongo. Ulipogusa udongo ukatulia, ukaandika: O. Rebesco. Mkia wa herufi ya mwisho ukapinda juu, kama Nives alivyousifia kwenye kitabu chake, kurasa tatu nzima.

"Fungua mdomo," Marcadella alisema, akamtia chokoleti.

Chupa ya pili. Saini, kisha chokoleti. Chupa ya tatu, vivyo hivyo. Ya nne mzee alisita, na Marcadella akaishika chokoleti juu, mbele ya pua yake, kama mtu anayemfundisha mbwa kuketi. Mzee akaandika. Ute wa kahawia ulimtiririka kidevuni, Marcadella akaufuta kwa kitambaa kilichokuwa kimelala kando ya shimo.

Kisha akatoa chenza mfukoni, akaanza kulimenya huku anangoja. Maganda alikuwa akiyatupa shimoni. Alikula pande moja baada ya jingine, pale, katika uvundo ule, na akalamba vidole.

Nives akatoka mafichoni.

Alitarajia kwamba mtu yule atashtuka. Marcadella alimaliza kwanza pande alilokuwa nalo mdomoni.

"Afadhali umekuja, Bi Nives," alisema. "Nilikuwa nimechoka kukuficha jambo hili. Wewe ni mtu wa nyumbani."

"Unamlisha nini huyu?"

"Chokoleti. Anazipenda. Wewe Jumapili unamletea maua, na maua hayaliwi."

Nives alimwambia kwamba leo hii, kabla jua halijatua, anavifuta vyeti vyote arobaini na kimoja, na anakwenda kutoa taarifa. Marcadella alitikisa kichwa kwa huruma, kama anamsikiliza mtoto aliyesema atahama nyumbani. Akamkumbusha taratibu. Vyeti vina jina la nani? La Nives Lunardon. Kitabu chenye picha za saini zote kimeandikwa na nani? Jumamosi makumbusho ya Milano yanafungua maonyesho ya Ottavia Rebesco, maonyesho ya kwanza makubwa, na mtu atakayesimama mbele ya wageni kuwahakikishia kwamba walichokiona ni kweli ni nani?

"Na banda hili?" akaongeza. "Muulize mumeo limepangwa kwa jina la nani."

Nives alimtazama Tarcisio. Tarcisio alikuwa anakwangua kucha zilizokuwa ndani ya glovu, kazi isiyowezekana.

"Ile karatasi ya umeme," alisema hatimaye. "Majira ya kuchipua ya mwaka ule wa kwanza. Uliniuliza ni ya nini."

Naam, alimuuliza. Walikuwa mezani, ugali wao wa polenta unapoa, na Tarcisio alimsogezea karatasi kando ya sahani akamwambia ni mambo ya umeme wa karakana. Akaandika jina lake bila kuisoma, uma ukiwa kwenye mkono wa pili. Nani husoma karatasi anayopewa na mumewe wakati wa kula?

"Unaona," Marcadella alisema. "Humu ndani sote tumeandika majina yetu."

Akameza pande la mwisho la chenza.

Nives alikwenda kwenye kiti cha magurudumu, akamwondoa mzee brashi mkononi, akamfunga blanketi vizuri. Mzee alimnusa shavuni, akageuza uso. Nives alidhani atazuiwa, akajiandaa kupigana. Badala yake Marcadella alitangulia akamfungulia mlango wa banda, akamsaidia kuinua kiti juu ya kizingiti, hata akatia mfuko wa chokoleti zilizobaki kwenye mapaja ya bibi. Ukarimu ule ulimtisha Nives kuliko vitisho.

Tarcisio alimfuata mpaka kwenye gari. Alisema alifanya yote kwa ajili yao. Alisema paa la karakana lilikuwa linavuja na tanuri la kiwanda limefungwa, na mtu wa umri wake hakuna anayemwajiri.

"Niambie kitu kimoja," Nives alisema. "Ulipokuwa unaniletea vyombo vyako mwenyewe kupitia kwa huyu mtu, nami nikiviweka ulimini mbele yako, ulikuwa unacheka?"

"Sikucheka hata siku moja." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilifurahi. Miaka yote umekuwa ukitambua kosa kwenye kila kazi ya mkono wangu. Hizi hukutambua."

Nives aliwasha gari bila kumtukana. Kama angemtukana, wangekuwa bado mke na mume.

Njia nzima alifungua vioo, ukungu wa Novemba ukaingia, lakini harufu haikutoka. Ilikuwa kwenye viti, kwenye nywele za mzee, chini ya kucha zake yeye. Kengele za saa sita zilikuwa zinalia alipofika nyumbani. Hakumrudisha mzee kwa masista, aliona haya kumrudisha vile. Alimpeleka moja kwa moja bafuni, akajaza beseni kubwa maji ya moto, akamvua nguo na kuzitia zote kwenye mfuko wa taka.

Mgongo wa Ottavia ulikuwa mwembamba kama wa ndege aliyenyonyolewa. Nives alimwosha nywele mara ya kwanza, maji yakatoka rangi ya kahawa. Mara ya pili rangi ya chai. Mara ya tatu aligundua kwamba analia, akaongeza sabuni.

"Maji yamepoa," Ottavia alisema.

Sauti ilikuwa kavu na wazi. Nives alimtazama. Macho ya mzee hayakuwa yale ya bandani, yaliyokuwa yakizungukazunguka kama ya mtu aliyepotea stesheni.

"Shangazi? Unanijua?"

"Nives, binti Ampelio. Umekonda, na unanuka." Alijimwagia maji kifuani kwa kiganja. "Usinitazame hivyo. Kuna siku nipo na kuna siku sipo. Pale kwa yule mtu huwa nipo zaidi ya anavyodhani. Ukikaa kama zuzu unapewa chokoleti, ukikaa kama mtu unapewa masista."

Nives alipiga magoti kando ya beseni. Alimwuliza kwa nini basi aliandika. Je, hakujua kwamba vile ni vyombo vya uongo, vinavyozikwa kwenye mavi ili vifanane na vyake vya zamani, vile vya kweli, alivyovisaini kwa mkono wake kiwandani?

Ottavia alicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, kilikuwa kama mtu anatema kokwa.

"Vyombo vipi hivyo nilivyosaini?"

"Vya kiwandani, Shangazi. Mwaka hamsini na tano mpaka sitini na mbili."

"Mwanangu, kiwandani tulikuwa wanawake kumi na wanne tunachora. Tulikuwa tunalipwa kwa dazeni. Tajiri alikuwa anapita nyuma yetu na bakora ndogo, na binti aliyeandika jina lake kwenye chombo alifukuzwa siku hiyo hiyo. Jina lililokwenda Milano lilikuwa la tajiri mwenyewe. Mimi nilichora wale wanawake miaka saba, na sikuwahi kusaini kitu. Hata kimoja."

Bomba lilikuwa linadondosha maji. Nives alisikia kila tone.

Kama Ottavia hakusaini hata kimoja, basi kila chombo chenye saini yake duniani kilitoka kwenye shimo lile. Kila kimoja cha makumbusho, cha kitabu, na vyote arobaini na kimoja. Na vile vya kweli, visivyo na jina, alivitupia wapi yeye Nives? Alikuwa anavikataa. Watu walikuja karakanani kwake na chupa za bibi zao zimefungwa kwenye gazeti, zimelika midomo, na yeye alizigeuza juu chini, akaona hakuna saini, akawarudishia. Aliwaambia ni za kuiga.

Nives akalikaza bomba.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Miaka mitatu nilikuja kila Jumapili. Niliandika kitabu kizima."

"Hukuniuliza. Ulikuwa unakuja na kinasa sauti chako, unanisimulia maisha yangu, nami naitikia kwa kichwa. Ulikuwa unasimulia vizuri." Ottavia alinyoosha mkono apewe taulo. "Kisha akaja yule mshenzi na machenza yake. Ni mchafu, nakubali. Ananifuta mdomo kwa tambara la banda. Lakini katika umri wangu wote ni yeye mtu wa kwanza aliyeniwekea chombo mbele akaniambia, andika jina lako."

Nives alimkausha, akamvisha gauni lake mwenyewe la sufi, akamkalisha jikoni karibu na jiko na kikombe cha mchuzi. Halafu akachukua simu awapigie askari. Alikusudia kusema yote, akianza na jina lake.

Hakuwahi kubonyeza namba. Kengele ya mlango ililia.

Walikuwa karabinieri, askari wa kitengo cha kulinda kazi za sanaa, watatu, wakiongozwa na mwanamke wa makamo aliyejitambulisha kuwa Kapteni Miotto. Nyuma yao, koti la ngamia limefungwa vifungo vyote, alisimama Dokta Marcadella. Na nyuma ya Marcadella, bila pingu, bila glovu, alisimama Tarcisio.

Marcadella alikuwa amemtangulia kufika kwa askari. Kapteni alieleza kwamba wamepokea malalamiko: mfanyabiashara anayeheshimika amegundua kwamba kwa miaka mitatu ameuziwa vyombo bandia, vinavyotengenezwa kwenye banda lililopangwa na Nives Lunardon na kuhalalishwa kwa vyeti vya Nives Lunardon. Mumewe amekiri kwamba alitumwa na mkewe. Na leo, alipoona siri imefichuka, mama huyo amemtorosha mzee kutoka mikononi mwa mtu aliyemchukua kihalali kwa masista.

Nives alimtazama Tarcisio. Alikuwa amenawa. Nywele zilikuwa bado mbichi, na alinuka sabuni ya waridi, ile ile ambayo Nives humwekea bafuni kila Alhamisi bila kujua ni kwa nini inakwisha upesi.

"Tarcisio," alisema. "Umesema nimekutuma?"

"Nimesema ilivyoandikwa," Tarcisio alijibu, akamtazama mbwa wa jirani.

Waliingia jikoni wote. Kapteni Miotto alivuta kiti, akakaa mbele ya Ottavia, akamsalimu kwa heshima akimwita mama. Alimwekea mezani chupa moja waliyoitoa bandani, imesuguliwa haraka, bado inavuja tone jeusi kwenye kitambaa cha meza. Akaigeuza kitako juu.

"Mama, jina hili ni lako?"

"Ni langu."

"Nani alisababisha liandikwe hapa?"

Ottavia aliweka kikombe chini. Alimtazama Marcadella, aliyemtabasamia kama mjukuu mwema. Alimtazama Tarcisio, ambaye aliinamisha uso. Kisha akainua kidole, kile chenye rangi nyeusi ambayo sabuni haikuiondoa, akakinyoosha kwa Nives.

"Huyu," alisema. "Jina langu ameliandika kila mahali."

Askari mmoja aliandika. Marcadella alishusha pumzi, akatoa leso, akajipangusa midomo iliyokuwa mikavu.

"Mmesikia wenyewe," alisema.

Kapteni hakuwa mtu wa haraka. Alisema mzee wa miaka themanini na tisa, anayeishi kwenye nyumba ya wazee, ushahidi wake lazima upimwe. Akauliza kama kuna anayeweza kusema akili za mama zikoje. Marcadella alidakia kabla ya wote. Alisema yeye humtoa kila Alhamisi na anamjua kama mama yake mzazi. Siku nyingine mzee husahau, ndiyo, lakini leo yuko vizuri kabisa na anajua anachokisema. Kama ni kuweka sahihi, yeye yuko tayari kuweka.

"Weka," Kapteni alimwambia, akamsogezea karatasi. Marcadella akaandika jina lake lote, Dokta mbele.

Kisha Kapteni akamgeukia Nives.

"Na wewe ndiye uliyeandika kitabu chake. Ukiniambia mama huyu amechanganyikiwa, maneno aliyoyasema hapa nitayaweka kando. Nafasi hiyo unayo. Amechanganyikiwa?"

Lilikuwa jambo rahisi. Neno moja tu. Ndiyo, amechanganyikiwa, hajui leo ni siku gani, msimsikilize. Nives alilihisi neno lile limekwisha kaa mdomoni, na akalionja. Lilikuwa na ladha ya kitako cha chupa zile.

Alimtazama mzee kwenye gauni la sufi lililompwaya. Mzee hakumsihi wala hakumkasirikia. Alikuwa anangoja, kama mchoraji anavyongoja tanuri lipoe aone kilichotoka.

"Hajachanganyikiwa," Nives alisema. "Akili zake ni timamu kuliko zetu sote. Alilolisema liandikwe lilivyo."

Tarcisio alifumba macho. Kapteni akamwambia Nives achukue koti lake. Nives akaenda kwenye msumari wa mlangoni, akalichukua koti linalonuka banda, akalivaa.

Kapteni Miotto alikuwa amekwisha funga daftari, na Marcadella ameshika kitasa cha mlango, pale Ottavia Rebesco alipogonga meza mara mbili kwa kijiko.

"Wewe wa koti la ngamia, rudi ndani," alisema. "Na wewe, binti, fungua tena hilo daftari. Yeye na Nives wote wawili wameshaweka neno lao kwamba akili ninazo. Sasa keti. Sijamaliza."